Lesi ya Buluu Niliyoiacha Ukutani

Gauni lenyewe nililishona kwa mikono yangu, na nililishona vizuri. Lesi ya buluu yenye maua ya dhahabu, mikono mipana, zipu mgongoni isiyoonekana hata ukiitafuta. Linaning'inia mpaka leo kwenye msumari juu ya cherehani yangu hapa La Rochelle, Johannesburg, na kila mteja anayeingia kupimwa hulisifia na kuuliza ni la nani. Nawaambia ni la mteja aliyesahau kulichukua. Ni langu. Sijawahi kulivaa, na sababu ya kutolivaa ni aibu ambayo nimechoka kukaa nayo peke yangu.

Siku za kazi mimi ni fundi wa nguo. Wikendi ni mwitikiaji. Sijui kama hiyo ni kazi inayotambulika mahali popote, lakini ndivyo anavyoniita bosi wangu wa muziki, mwanamke wa Kiyoruba kutoka Naijeria ambaye sote kwenye bendi tunamwita Sista. Yeye anapiga gitaa na kusimulia ngano. Usidhani anaimba wimbo kwanza, kisha anatusimulia kitu. Ngano yenyewe ndiyo wimbo. Anaanza kwa kudonoa nyuzi taratibu, kama mtu aliyekaa barazani kwake bila haraka na dunia, halafu sauti inapanda na kuwa soul, sauti ya binti aliyefundishwa kuimba kanisani akatoka nayo nje bila kuaga. Katikati ya yote hayo yupo kobe. Ngano za kwao zimejaa kobe, mjanja, mlafi, mwongo wa kupindukia, na kila mara mwisho wake ni kuumbuka mbele za watu. Nilikuwa namcheka sana huyo kobe.

Kabla hajaanza, Sista huita, "Aalo o!" na watu wote wanatakiwa waitike, "Aalo!" Wasipoitika, haanzi. Nimewahi kumwona Randburg, kwenye mgahawa mmoja wa watu wenye pesa zao, amekaa kimya na gitaa mapajani, meneja anamkonyeza aanze, yeye anaangalia dari. Anasema kwao ngano si mali ya msimulizi. Msimulizi ana nusu, nusu nyingine ni ya wanaoitika, na ndani ya kila ngano kuna kibwagizo ambacho ni chao, si chake. Wasikilizaji wa Joburg hawajui Kiyoruba, wanakuja na simu zao na chipsi zao. Kwa hiyo ananisimamisha mimi, naongoza kibwagizo, wao wanafuata. Nami Kiyoruba sikijui kuwashinda wao, ila sikio langu lilitengenezwa na kwaya ya kwetu Uvira, Kongo, na Sista alinieleza maana ya kila mstari kabla ya kuniruhusu kuuimba.

Ipo ngano moja ambayo lazima niieleze. Kobe alitaka kuwa mpiga mbiu wa mfalme, kazi yenye chakula kingi, lakini sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. Akaenda kwa mwanamke muuza mawese ambaye sauti yake ilijulikana soko zima, akamwomba amwazime kwa siku moja tu. Mwanamke, kwa wema wake, akampa. Jioni ikaingia, kobe hakurudi, bado anatangaza na kushiba huko kwa mfalme. Binti wa yule mwanamke akasimama mlangoni akaita, "Mama, rudi, jua linazama." Mama yuko njiani, anamsikia mtoto wake, lakini hana sauti ya kumjibu. Hapo ndipo wasikilizaji wanapoingia. Wao wanamjibu mtoto kwa niaba ya mama: "Nakuja, mwanangu, nakuja." Binti anaita tena, wanajibu tena, mpaka mama anafika nyumbani na kumkuta mtoto bado yupo mlangoni, hakwenda kumtafuta gizani. Ngano hiyo Sista aliipata kwa mama yake mzazi, na ndiyo anayoifungia shoo zake zote.

Sasa siku moja alikuja kwangu na furushi la lesi.

"Dada yangu, nataka sare," alisema. "Yangu, yako, ya wapigaji, na ya Wanaijeria wenzangu wa hapa. Tunavaa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ukumbini Troyeville."

"Na vilemba?"

"Gele tunafunga wenyewe, hizo niachie. Lakini lako ulishone lipendeze kuliko langu."

Sikumuuliza ni shughuli gani. Fundi hamuulizi mteja anakwenda wapi na gauni lake, na mimi nilishaamua kichwani kwamba ni shoo. Niliona tu kwamba amekonda usoni. Alikaa kwenye kiti cha wateja muda mrefu, anachezea mkasi wangu. Akafungua mdomo, akaufunga. Nami nikajifanya nina kazi nyingi, nikawasha cherehani.

Ijumaa ya kuamkia siku hiyo, mpiga ngoma wetu, Mzulu wa Soweto, alituma ujumbe kwenye kundi la bendi. Kulikuwa na picha ya bibi kizee mwenye kilemba kikubwa, na chini yake: "Eish, mama yake Sista ametutoka. Kesho Troyeville, watu wangu, tusimwache peke yake."

Nilikaa chini. Maskini Sista, nikasema, shoo yake imegeuka kuwa matanga. Kesho yake sikuligusa lile gauni. Nani mwenye akili zake anavaa maua ya dhahabu msibani? Nilivaa nguo nyeusi, nikafunga kitenge kilichopauka kiunoni, kichwani nikajifunga kitambaa cha kawaida kabisa. Kisha nikambishia hodi jirani yangu, Mrundi anayesuka nywele chumba cha pili, anisindikize, maana kwetu mtu haendi msibani peke yake. Alifunga saluni kwa kunung'unika lakini alikuja.

Kwetu Uvira hungoji uingie ndani ndipo ulie. Unaanza njiani, ili wenye msiba wakusikie unakuja na wajue hawako peke yao. Teksi ilipotushusha, mimi nilianzia kwenye robot, zile taa za barabarani. Watu wakatoka kwenye spaza, vile viduka vya mtaani, kutazama. Mwanamume mmoja alivua kofia. Jirani yangu, kwa kuwa Warundi wao hulia kwa ndani, alipunguza mwendo akabaki nyuma, anaangalia majengo kama mtu asiyenijua.

"Dada, ngoja kwanza," aliniambia tulipofika kwenye ukuta wa ukumbi. "Hii muziki si ya kilio."

"Kwetu matanga iko na ngoma!" nikamjibu kati ya kwikwi. "Njo vile inakuwaka. Ingia."

"Mimi nakuambia ngoja."

Sikungoja. Nilivua viatu mlangoni, nikafungua kitambaa kichwani, nikaingia kwa magoti. Kisha nikajitupa kifudifudi, nikapiga sakafu kwa viganja: "Mama wee! Umetuachia nani! Mama, umeondoka bila kutuaga!" Sauti yangu ni kubwa, ndiyo maana nina kazi wikendi. Nililia vizuri, nikapanga maneno yangu, nikamtaja Mungu na malaika, ndipo nikagundua kwamba ninalia peke yangu.

Ngoma ilikuwa imenyamaza. Nilipoinua uso niliona kwanza viatu, viatu virefu vya dhahabu, vingi, vimesimama kunizunguka. Juu ya viatu ilikuwepo lesi ya buluu. Pindo zote zile nilizipinda mimi, nikazitambua moja moja. Watu walikuwa na sahani za wali mwekundu mikononi. Ukutani kulikuwa na maputo na picha kubwa ya yule bibi akitabasamu. Sista alikuwa katikati, gele imesimama kichwani, gitaa begani, jasho la kucheza linamtiririka shingoni. Pembeni yake, simu ilikuwa juu ya stendi, na kwenye kioo chake ulionekana ua wa nyumba huko Naijeria, umejaa watu waliovaa buluu ileile. Nao walikuwa wamesimama wananitazama.

Nilitamani ardhi ipasuke. Na baya zaidi, sikuweza kunyamaza. Kilio nilichokianza kwa heshima kilikuwa kimeshika njia yake, kinatoka chenyewe, kibaya, bila maneno, makamasi yananitiririka mbele ya watu waliopambwa.

Mzee mmoja wa Kiyoruba alinyanyua kanzu yake, akaniinamia. "Nani amekufa kijana hapa?" aliniuliza kwa Kiingereza. "Huyu mama alivuka miaka themanini. Hakuzika mtoto hata mmoja. Mtu wa namna hiyo haliliwi, mwanangu, anachezewa. Ukimlilia hivi unatangaza kwamba alikufa vibaya."

"Samahani, Baba," nilisema. Sidhani kama alinisikia.

Uzito wenyewe niliuelewa baadaye, lakini niuseme hapa. Sista hakuweza kwenda kumzika mama yake. Karatasi zake za ukaaji zilikuwa bado zinashughulikiwa, na angetoka nje ya mpaka asingeruhusiwa kurudi. Kaka yake mkubwa alikasirika sana, kwani kwao mtoto asiyecheza siku ya kumzika mzazi wake amejitoa mwenyewe katika watoto. Wazee walimbembeleza mpaka akakubali kwamba dada yake acheze hukohuko aliko, saa ileile, kwa sare ileile, na nyumba nzima imwone. Mchana ule wa Troyeville ndiyo maziko pekee ambayo Sista angeyapata. Nami nilikuwa nimeingia humo kwa tumbo, nikitangaza kwa sauti ya kulipwa kwamba mama yao alikufa vibaya.

Sauti ya yule kaka ilitoka kwenye simu, imechelewa kidogo kwa sababu ya mtandao.

"Huyo ni nani? Nani umemleta amlilie mama yangu kama mtu aliyegongwa na gari? Nitaizima hii simu."

Sista alivua gitaa. Akaenda mbele ya ile simu akapiga magoti, na lesi yake yote, kama ambavyo angepiga mbele ya kaka yake mwenyewe.

"Kaka, hamlilii mama yetu," alisema. "Anamlilia wa kwake. Alizikwa Kongo mwaka juzi, na yeye yuko huku anashona. Hakupata mahali pa kulilia."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Na mimi nikanyamaza papo hapo, kwa sababu hilo ni jambo ambalo sikuwahi kumwambia.

Ni kweli mama yangu alifariki mwaka juzi, Uvira. Habari zilinikuta na mteja, nikamaliza kumpima kiuno, nikamwambia aje Alhamisi. Jirani yangu alijua kwa kuwa ukuta wetu ni mwembamba. Wengine wote niliwaficha, na kilichonifanya niwafiche ni swali moja. Ukisema umefiwa na mama, mtu anakuuliza hapohapo, "Unasafiri lini?" Jibu langu lilikuwa kwamba sisafiri, kwa sababu karatasi yangu ya ukimbizi hainiruhusu kurudi nilikokimbia. Niliona haya kuitwa mtoto asiyekwenda kumzika mama yake. Nikaona afadhali awe hai, angalau midomoni mwa watu. Sista mwenyewe aliwahi kuniuliza kwenye gari, "Mama hajambo?" Nikamjibu hajambo, anakusalimia.

Yule kaka hakuizima simu. Kisha sauti ya mwanamke mzee ikauliza jambo kwa Kiyoruba, na Sista, bado yupo magotini, akanitafsiria.

"Shangazi anauliza mama yako alikuwa na umri gani."

"Sabini na kitu," nikasema.

"Ameacha watoto?"

"Ndiyo. Na wajukuu. Na vitukuu viwili."

Sista aliwaambia. Wakajadiliana huko, kila mtu anasema juu ya mwenzake. Mwishowe yule kaka akasafisha koo. "Basi mpeni kiti," alisema. "Akimaliza kulia, naye acheze."

Ngoma ya kubana kwapani ikaanza tena kuongea. Niliketishwa kwenye kiti cha plastiki, nikaletewa wali ambao sikuweza kuumeza, na pale nilikaa mchana kutwa na weusi wangu katikati ya buluu niliyoishona mwenyewe. Mpiga picha hakuniruka. Picha zilitumwa Naijeria, na kwenye kila moja kuna doa jeusi upande wa kushoto. Jirani yangu, ambaye kwa busara zake alikuja na gauni la kijani, alipewa nafasi akacheza mpaka akavunja kisigino cha kiatu.

Halafu Sista akasimama kusimulia ngano ya mama yake. "Aalo o!" akaita. "Aalo!" wakaitika wa ukumbini, na nyuma yao, kwa kuchelewa, wale wa kwenye simu. Akamleta kobe, akamleta muuza mawese, watu wakacheka pale walipotakiwa kucheka. Alipofika kwa binti mlangoni alinigeukia kama kawaida yake. "Mama, rudi, jua linazama." Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni pumzi tu, koo lilikuwa limekwisha kwa mayowe ya sakafuni. Hawakunihitaji. Ua mzima wa kule uliitika, watu walioujua mstari huo tangu wakiwa watoto, na sauti ya yule kaka ilisikika juu ya zote ikisema, nakuja, mwanangu, nakuja. Sista aliwasubiri kila mara, kwa sababu mtandao uliwachelewesha, na hakuna mara hata moja walipokosa kufika.

Maziko ya mama yake yalikuwa yamenusurika. Nilishukuru, na bado sikuweza kumwangalia usoni.

Nilimkuta jikoni baada ya wageni kupungua, anaosha masufuria na gele bado iko kichwani. Nilichukua taulo nikaanza kufuta.

"Jirani yangu ndiye aliyekuambia habari za mama?" nikamuuliza kwa sauti yangu iliyobaki.

"Hakuna aliyeniambia."

"Basi umejuaje?"

"Ah-ah! Dada yangu, mimi ni msimulizi. Kazi yangu ni kusikiliza nani ameitika na nani hakuitika. Tangu mwaka juzi, tukifika kwenye 'nakuja, mwanangu' wewe unafungua mdomo tu. Wapigaji wanakufunika, wateja wanakula, hakuna anayeona. Mimi nipo mbele yako, nasikia pale sauti yako inapopaswa kuwapo pakiwa patupu. Nikakuuliza mama hajambo. Ukaniambia ananisalimia."

Mimi nikibanwa huwa mkali. "Na wewe je?" nikamwambia. "Ulikuja kwangu na furushi la lesi, ukakaa kwenye kiti changu, ukaninyima habari ya msiba wako. Ungenieleza, leo nisingejidhalilisha."

Alizima bomba la maji.

"Nilikuja kukueleza," alisema. "Nilikaa kwenye kile kiti ili nikueleze. Lakini ningeanzaje kukuambia, nishonee gauni zuri la kumchezea mama yangu, na wewe wako hata kumtaja huwezi? Niliona haya."

Kule kujitupa kwangu sakafuni sasa naweza kukucheka. Jirani yangu anaigiza kwa wateja wake pale saluni, magoti, viganja, malaika na wote, na wanavunjika mbavu mpaka nywele zinasukwa upande. Nisichoweza kukicheka ni kile kiti. Kipo hapa chumbani, wateja wanakikalia kila siku. Mwenzangu alikaa hapo na kifo cha mama yake mdomoni, akakimeza kwa ajili ya uwongo wangu, na mimi nikawasha cherehani.

Juzi tulikuwa Randburg tena, kwenye mgahawa uleule. Sista alipofika pale kwenye ngano kwa yule binti wa mlangoni aliita, "Mama, rudi, jua linazama," halafu hakuendelea. Gitaa likazunguka noti zilezile. Likazunguka tena. Mpiga ngoma akanitazama, meneja akamtazama mpiga ngoma. Watu walikuwa wanatafuna. Nikaimba, nakuja, mwanangu, nakuja, chini ya noti, sauti inakwama njiani kama uzi mbovu, mbele ya meza za watu wasiojua ninachokisema. Ilikuwa mbaya. Nimeimba kwenye kwaya tangu utoto na sijawahi kuimba vibaya namna ile.

Kwenye gari, wakati wa kurudi, Sista alipunguza mwendo tulipokaribia La Rochelle. Kisha akaniuliza, macho yake barabarani, "Mama hajambo?"

"Amefariki, Sista," nikasema. "Mwaka juzi."

"Pole sana, dada yangu," akasema, kama ndiyo kwanza anasikia.

Nikajiandaa kwa lile swali la safari. Hakuliuliza. Aliniuliza mama aliitwa nani. Nilifungua mdomo kumwambia, na ilinibidi nijaribu mara mbili, kwa sababu jina lile sikuwa nimelitamka kwa sauti tangu siku ile niliyomwambia mteja aje Alhamisi.